Mwenye Ploti na Chipsi Zilizooshwa

Nilitoka Moyale juu ya lori la maharagwe, na safari ile ikala karibu wiki nzima. Marsabit tulisimama kwa sababu dereva alikuwa na mke pale. Kabla ya Isiolo tulisimama kwa sababu springi ilikatika. Isiolo penyewe tulisimama kwa sababu dereva alikuwa na mke mwingine. Mimi nilikuwa nimejilaza juu ya magunia, nimejifunika turubai, ndoo yangu ya brashi na makopo ya rangi nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Waliponishusha Muthurwa asubuhi, katikati ya matoroli ya vitunguu na kelele za akina mama wa mitumba, vumbi la kaskazini lilikuwa limenikaa mpaka kwenye kope. Nikaifuata Jogoo Road kwa miguu, nikapotea, nikarudi, nikapotea tena, hadi nikafika Kayole. Utingo wa lori alikuwa ameniambia kwamba kuna kinyozi huko anayetaka ukuta wa duka lake uchorwe vichwa vya watu walionyolewa vizuri.

Kinyozi nilimpata, na akanipeleka kwa mwenye ploti ili nipewe chumba. Mwenye ploti alinipokea akiwa amesimama langoni, mikono kiunoni, leso imefungwa juu ya sweta. Hakuniuliza jina.

"Uko na jiko ya stima?"

"Sina, mama."

"Pasi ya nguo?"

"Sina."

"Friji?"

Nikamwonyesha ndoo.

"Basi wewe ni mtu mzuri," akasema. "Ingia."

Nimeishi katika miji mingi, na kila mmoja niliouacha nimeukumbuka kwa uzuri kuliko ulivyokuwa. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiondoka mahali, hata kunguni wake huanza kuwa na adabu kichwani mwangu. Lakini yule mama nimejaribu kumkumbuka kwa uzuri na nimeshindwa.

Ploti yake ilikuwa safu mbili za vyumba vinavyotazamana, bomba moja katikati, na mbele, upande wa barabara, nyumba yake yenye mlango wa chuma na duka la Kinyozi lililobandikwa ubavuni mwake. Umeme wa ploti nzima ulipitia swichi moja kubwa iliyokuwa ndani ya nyumba yake, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kodi yetu ilijumuisha stima, na kwa hiyo aliiona kila taa iliyowaka kama mkono ulioingia mfukoni mwake. Alitembea uani akiwa na soksi bila viatu ili asisikike. Alikuwa na masikio ya kutambua mlio wa koili, ule mlio mdogo wa jiko la bei rahisi ambalo wapangaji wa Nairobi huficha chini ya kitanda. Ungekuwa umetulia, sufuria ya chai inaanza kuimba, mara unasikia sauti dirishani, karibu kabisa na shingo yako:

"Hiyo ni nini inaimba?"

"Ni redio, mama."

"Redio ya kunuka tangawizi?"

Koili ilichukuliwa hapohapo, ikiwa moto. Alikuwa na sanduku zima la koili za watu, na alilionyesha kwa wageni jinsi wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Mali yake yote ilitokana na chipsi. Hili hakulificha, ila alilieleza kwa namna ya ajabu. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda karibu na viwanda, upande wa Mukuru kwa Reuben, akiwakaangia vibarua waliotoka zamu wakiwa hawana nguvu ya kuchagua. Mafuta yake hayakubadilishwa, yaliongezwa tu. Alisimulia mwenyewe, kwa fahari, kwamba kuna mafuta yaliyokaa katika karai lile tangu mwanawe akiwa darasa la kwanza hadi alipomaliza. Chipsi zake zilikuwa laini, zimelala, zimekunywa, na ukizifunga kwa gazeti, habari zote zilihamia kwenye viazi. Kwa chipsi hizo alijenga ploti, akasomesha mtoto mmoja, akampeleka Kanada. Kisha akaokoka kutoka kwa mafuta.

Sijui neno jingine la kutumia. Alianza kuyahubiri mafuta kama walevi walioacha pombe wanavyoihubiri pombe. Mtu akipita langoni na mandazi, alimsimamisha. "Wewe, unajua hiyo inaenda wapi? Inaenda kwa moyo, inakaa hapo kama mpangaji." Na tulipomkumbusha nyumba yake imejengwa na nini, alijibu bila kupepesa macho: "Mafuta ilinijengea nyumba. Sikusema iingie ndani."

Siri ya wokovu huo ilikuwa simu. Mwanawe, ambaye alikuwa ameondoka kijana na hakuwa amerudi hata mara moja, alimwambia siku moja kwenye video, "Mum, siku hizi mimi sili kitu kimekaangwa kwa mafuta." Muda mfupi baadaye akamtumia mashine kupitia mtu aliyekuwa akisafiri: eafraya, dude jeusi lenye tumbo, linalokaanga kwa kupuliza hewa moto. Akamwambia anunue chipsi za pakiti zilizogandishwa, za supamaketi, ajifunze. Angekuja mwaka huo. Angeonja. Na zikimpendeza, angemfungulia mama yake hoteli ndogo ya chipsi zisizo na mafuta, aache kukaa bure akisikiliza milango ya watu.

Hoteli yenyewe ingekuwa wapi? Hakukuwa na chumba kingine upande wa barabara. Ingekuwa kwenye duka la Kinyozi.

Kinyozi alikuwa amenyoa pale tangu barabara ikiwa matope. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mzaliwa wa Eastleigh, na mkewe na mabinti zake waliishi chumba cha pili kutoka changu. Wateja wake walikuwa wa mtaa ule. Aliwanyoa watoto, baadaye akawanyoa ndevu. Ukihamisha kinyozi kama huyo umemnyang'anya vichwa vyote. Mwenye ploti alimweleza mpango huo waziwazi, tena kwa furaha, kana kwamba anamwalika harusini.

"Kijana wangu akisema ni tamu, hiyo chumba nachukua. Akisema si tamu, unakaa. Si hiyo ni haki?"

"Ni haki, mama," akasema Kinyozi. Angesema nini?

Mama alipoingia ndani, Kinyozi akanigeukia. "Msanii, kwa hivyo maisha yangu iko kwa viazi."

Lakini tulipoona jinsi mama alivyozipika, tulilala usingizi bila hofu.

Huyu mama alikuwa msafi kwa kiwango cha ugonjwa. Chochote kilichoingia jikoni kwake kilioshwa: mayai yalioshwa, pakiti za chumvi zilioshwa, mkate ungeoshwa kama ungevumilia. Kwa hiyo chipsi za pakiti, zilizokwisha kumenywa, kukatwa na kugandishwa kiwandani, alizimwaga kwenye karai la plastiki, akazifungulia maji ya uvuguvugu, akazisugua. Alizisugua moja moja mpaka barafu iishe na wanga ugeuze maji kuwa maziwa. Kisha akazianika kwenye ungo. Nilikuwa nikipaka rangi mlango wake siku ya kwanza, nikaiokota pakiti.

"Mama, hapa wameandika zitiwe zikiwa barafu. Zisioshwe."

"Nani ameandika?"

"Wenye kiwanda."

"Umewaona wakinawa mikono?"

"Sijawaona."

"Basi paka rangi."

Makosa hayakuishia hapo. Eafraya haikuwekwa jikoni. Kitu kutoka ng'ambo kinakaaje na masizi? Kiliwekwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kati ya televisheni na picha ya marehemu mumewe. Na sebule ile, kama sebule zote za akina mama wa rika lake waliotoka Murang'a na kwingineko, haikuvumilia kitu kilicho uchi. Kila kiti kilivaa kitambaa cha krosheti mgongoni na mikononi. Televisheni ilivaa. Redio iliyokufa ilivaa. Hata mtungi wa gesi ulikuwa na sketi. Eafraya ilishonewa kitambaa chake, cheupe, chenye maua ya waridi na pindo la mawimbi, kikishuka mpaka nyuma mashine inapotolea pumzi. Ilipika ikiwa imevaa. Hewa moto ilikosa pa kutokea, mashine ikanguruma kama mtu aliyefunikwa blanketi, ikajizima yenyewe, na chipsi zikatoka nyeupe, zimelegea, zimeshikana mikono.

Sasa sikiliza alichoelewa yeye. Alielewa kwamba wapangaji wanamwibia moto.

"Stima haifiki yote," alitangaza uani. "Mnaivuta huko nyuma. Chipsi inalala kwa sababu yenu."

Tangu siku hiyo, kila alipofanya mazoezi ya chipsi, na alifanya karibu kila siku, aliingia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala na kuizima ploti yote ila sebule yake. Mwanamke aliyetunyang'anya koili kwa sababu ya tone la umeme sasa alivilisha umeme wote wa watu viazi vilivyokwisha kupikwa nusu. Simu zilikufa zikiwa zinachajiwa. Watoto waliacha hesabu katikati. Na dukani mwa Kinyozi, mashine ya kunyolea ilinyamaza ikiwa juu ya kichwa cha mtu.

Hilo lilikuwa na uchungu wake na kicheko chake. Nakumbuka kondakta mmoja, mtu mkubwa mwenye mdomo, aliyeachwa na nusu ya nywele.

"Buda, washa jenereta."

"Sina jenereta. Mathe anakaanga."

"Anakaanga nini, ng'ombe?"

"Chipsi."

"Sasa mimi niende stage hivi, nikae kama ramani?"

"Tulia. Zikilala ataizima, atarudisha stima. Huwa zinalala haraka."

Wateja walikaa pale wakiwa na kofia, wakisikiliza mashine ikinguruma ukutani upande wa pili, kama watu wanaosubiri mwenzao ajifungue. Wengine walikwenda kumalizia kwingine na hawakurudi. Kinyozi alizidi kukonda. Lakini hata yeye alizihesabu siku zile kuwa za matumaini, kwa sababu kila sahani iliyotoka mle ndani ilikuwa mbaya kuliko ya jana. Tulijua, kwa sababu tulionjeshwa. Mama alitugawia mabaki kwa lazima, akisimama mlangoni mpaka umeze.

"Tamu?"

"Inateleza, mama."

"Hiyo ni afya."

Nisiseme hakuwa na upande mwingine. Mke wa Kinyozi alipojifungua binti wa mwisho, mama huyu alimpelekea uji wa wimbi kwenye chupa kila asubuhi, mwezi mzima, akamfulia na nguo za mtoto kwa mikono yake. Alimbeba yule mtoto na kumwimbia kwa Kikuyu. Na siku hizohizo, saa za chipsi, alimzimia mzazi taa akiwa ananyonyesha. Nilimuuliza. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Uji ni uji," akasema. "Stima ni stima." Ndani yake vitu havikukutana. Kila wema ulikuwa na chumba chake, na ukuta katikati.

Mwana alikuja. Sikuamini mpaka nilipoona gari la kukodi likishindwa kugeuka pale langoni. Alishuka mtu mnene mwenye ndevu zilizochongwa, mpole, amechoka, akitazama ploti kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mama yake alitupanga mimi na Kinyozi sebuleni kwa sababu, alisema, watu wa ng'ambo wanapenda kuona umepakana na watu. Tulikaa kwenye kochi juu ya vitambaa, wima, tusivikunje. Ploti yote ilikuwa imezimwa. Nje kulikuwa kimya kama kuna msiba.

Mama alikuwa ameziosha chipsi mara mbili, kwa heshima ya mgeni. Eafraya ilikuwa imevaa kitambaa kipya. Ilinguruma, ikahema, harufu ya uzi unaoungua ikaanza kuzunguka chumbani, na hakuna aliyethubutu kusema. Alipoivuta droo, mvuke ulipanda kama kwenye kufua. Chipsi zilikuwa zimelala chini kabisa, zimepauka, moja juu ya nyingine. Kinyozi alinikanyaga mguu. Alikuwa akijizuia kucheka. Katika miezi yote ile sikuwa nimemwona na uso wa mtu aliyeshinda.

Mwana alichukua moja. Aliiinua, nayo ikajikunja katikati, ikaning'inia. Aliitazama muda mrefu. Mama alikuwa amekamata pindo la leso kwa mikono miwili, huyo mwanamke ambaye hakuogopa kuingia vyumbani mwa wanaume wazima kutafuta koili.

Akala. Akafumba macho.

"Mum," akasema. "Ndizo."

"Ndizo nini?"

"Ndizo hizi. Za kibanda. Ulikuwa unanifungia kwa gazeti nikitoka shule." Akachukua nyingine, akachukua kiganja kizima. "Kule kila mahali ni ngumu, zinalia mdomoni kama vijiti. Nimetafuta hizi miaka yote, nikafikiri ni mafuta. Kumbe si mafuta. Ni wewe."

Alizila zote. Alikusanya chumvi ya sahani kwa kidole. Mama alicheka kwa sauti ya msichana, akaketi kwenye mkono wa kochi na kukunja kitambaa bila kujali. Nikasikia mguu wa Kinyozi ukiondoka taratibu juu ya wangu.

Nimeyafikiria sana macho yale yaliyofumbwa. Mtu mzima, aliyesoma, aliyekula katika miji ya watu, alikula takataka na kuiita tamu kwa sababu ilimkumbusha takataka nyingine. Ninajua jambo hilo lilivyo. Nimelifanya na miji. Lakini mimi kumbukumbu zangu hazijawahi kumhamisha mtu.

Notisi ilitolewa kabla gari halijafika uwanja wa ndege. Kinyozi alijaribu mara moja tu, langoni, mbele yangu.

"Mama, hata nusu ya chumba? Mimi nikae upande mmoja, chipsi upande mwingine?"

"Nywele na chakula?" Alishtuka kweli. "Wewe, si mimi. Chakula ndiyo imeamua."

Kinyozi alihamia Njiru, ambako watu wanajenga kila siku na kila mtu ana kinyozi wake tayari. Nilimsaidia kupakia kiti na kioo kwenye mkokoteni. Hakulaumu. Alisema tu, "Msanii, yule jamaa angekuwa na njaa kidogo tu ningeelewa. Lakini alikuwa ameshiba."

Mwenye ploti akaniita nivifute vichwa nilivyovichora ukutani na badala yake nichore chipsi. Nilimwambia mkono unaniuma. Akaleta mchoraji mwingine, aliyechora chipsi zikafanana na vidole vya maiti, na juu yake akaandika CHIPSI BILA MAFUTA kwa herufi zisizolingana. Siku za kwanza watu walijaa ili wacheke. Baadaye walikuja wageni wa mtaa tu, wasiojua, na hao walikuja mara moja. Waliokuwa na haraka walichoka kungoja dude moja lijaze sahani moja. Ploti iliendelea kuzimwa, sasa kutwa nzima, na mimi siwezi kuchanganya rangi gizani.

Siku niliyoondoka ilikuwa siku ya kawaida, ya jua. Nilikuwa nimepata kazi ya kuandika majina ya maduka huko Garissa. Nilimkuta peke yake hotelini, ameketi nyuma ya kaunta, mashine imevaa kitambaa, simu imelazwa mbele yake kifudifudi. Nikaweka ufunguo juu ya kaunta. Nilitarajia aende kukagua misumari ukutani. Hakusimama.

"Unaenda wapi sasa?"

"Garissa, mama."

"Huko kuna joto. Utarudi."

"Sirudi."

Akaugeuza ufunguo, akaugeuza tena.

"Mchoraji. Wewe umekuwa ukinidharau. Usiseme hapana, mimi si mtoto. Sasa niambie, wewe huwezi kunidanganya. Ile siku kijana wangu alikula. Alizipenda, ama alinihurumia?"

Kwa miezi nilikuwa nimetafuta neno la kumwumiza yule mama, na sasa alikuwa amelitoa mwenyewe na kuliweka mkononi mwangu. Nilimfikiria Kinyozi huko Njiru akingoja vichwa. Lakini nilikuwepo sebuleni, na nilimwona yule mtu akikusanya chumvi kwa kidole.

"Alizipenda," nikasema. "Kabisa. Hakuigiza."

Hakufurahi. Alinitazama kwa ukali, vilevile alivyonitazama nilipomsomea maandishi ya pakiti.

"Sasa mbona hapigi simu?"

Niliinua ndoo yangu ya brashi. Kisha nikatoka.